Viatu Mlangoni kwa Mwatima

Thamesmead, London
14 Novemba 2004

Dada yangu Mwatima binti Faki,

Assalamu alaykum. Salamu hizi zikukute umekaa kitako, maana ni nyingi, ukizipokea umesimama utachoka miguu. Mie mzima, mke wangu Zahra mzima ila mgongo wake, na mwanetu Miska karefuka mpaka ananitazama utosini. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na mie namrudishia Kiswahili, basi nyumba yetu ni kama redio mbili zimewashwa pamoja. Baridi imeshaingia. Naandika nimevaa glavu, ukiona herufi zinapepesuka usidhani mdogo wako kaanza kulewa.

Kazi inakwenda. Watu wakikuuliza nafanya nini, waambie Msabaha ndiye mwenye mabasi ya Stratford. Usicheke. Basi likirudi gereji, dereva anateremka, ananikabidhi, na kuanzia hapo basi ni langu. Mie nalipeleka kuoshwa, mie nalipeleka kutiwa mafuta, mie nalipanga na wenzake. Ghorofa mbili, dada, nalirudisha kinyumenyume kwa kioo kimoja na mkono mmoja, na mkono wa pili una chai. Wazungu wananitazama midomo wazi. Kitu kimoja tu: sijapata kulitoa nje ya geti.

Sasa la maana. Tumesikia huko wameanza kuandikisha wapiga kura upya, daftari jipya, na wameanzia Pemba. Jumapili tulikutana ukumbini Stratford, watu wa Wete, wa Chake, wa Unguja, wake kwa waume. Vilio vitupu. Huyu anasema nchi fulani watu wao wanapiga kura ubalozini hapahapa London, wanapanga foleni na makoti yao, wanapiga, wanarudi kazini. Yule anasema na sie tudai. Lakini sie hatuna hilo, kwetu mtu akitaka kura sharti awe anakaa jimboni na sheha wa mtaa wake amtambue. Basi nikasimama. Unanijua, nikisimama ukumbi unatulia. Nikawaambia, nyinyi endeleeni kulia, mie kwetu kupo, chumba changu kipo kwa dada yangu, Oktoba ijayo nakata tiketi nakwenda kupiga kura yangu kwa kidole changu. Makofi hayo! Mpaka mwenye ukumbi alichungulia kutazama kama tunapigana.

Kwa hiyo sikiliza. Asad, katibu wetu, anakuja likizo. Anakuletea kifurushi kutoka kwangu: suruali mbili, shati, na viatu vyangu vyeusi vya kazini, vilivyolika upande. Suruali zianike uani. Viatu viweke mlangoni, pale pa kuvulia, kama vya mwenye nyumba. Watu wapite waone. Sheha akija kuuliza nani na nani wanalala hapo, mwambie Msabaha yupo, katoka kidogo.

Wala si uongo mkubwa. Nimetoka kidogo, tangu mwaka wa tisini.

Nduguyo akupendaye,
Msabaha


Wete, Pemba
22 Disemba 2004

Kwa Msabaha,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma nimekaa kitako, kama ulivyoamrisha. Huku tuna afya, alhamdulillahi. Karafuu mwaka huu kidogo. Paa la jikoni nimelitia makuti mapya. Kijakazi jirani anakusalimu, na anauliza kama ni kweli una mabasi. Nimemjibu ndiyo.

Simu usinipigie. Simu ni ya Musab, pale dukani kwake, na ukisemea pale unasema na baraza nzima, tena Musab mwenyewe ndiye wa kwanza kukujibu maneno usiyomuuliza. Tuandikiane.

Hilo la kuandikishwa, umeliona jepesi kwa sababu uko mbali. Wanataka mtu awe amekaa jimboni miaka mitatu mfululizo. Anayesema kakaa au hakukaa ni sheha, na sheha wetu ni Omar Shoka, yuleyule tuliyesoma naye Kurani chuoni, aliyekuwa akinakili ubao wangu. Anakujua ulivyoondoka. Kila mtu anakujua ulivyoondoka, ulipiga kelele siku tatu.

Kifurushi kimefika. Suruali nimezifua nikazianika. Viatu nimeviweka mlangoni. Usidhani nimekubali maneno yako, nimeviweka tu. Tangu Januari ile ya 2001, mume wangu Mbwana alipotoka na wenzake kwenda kwenye maandamano, wakarudi wenzake, pale mlangoni palikuwa na kandambili zangu peke yake. Basi. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Nina swali. Nilimuuliza Asad, Msabaha siku hizi anatembelea paspoti ya nchi gani? Akatazama chai yake akaniambia, "Muulize mwenyewe, Bi Mwatima." Basi nakuuliza mwenyewe.

Dada yako,
Mwatima


Thamesmead, London
30 Januari 2005

Dada yangu, taa ya nyumba ya Faki,

Salamu kama mvua ya masika, zikulowanishe mpaka ukimbilie ndani. Zahra kapewa dawa ya mgongo, anaipaka, nyumba nzima inanuka kama spitali. Miska kafaulu mtihani wa hesabu, kamrithi shangazi yake, maana mie darasa la sita niliruka dirisha na sikurudi tena, na tazama nilipofika.

Unauliza paspoti. Paspoti ni kijitabu tu, dada. Ninayo, ina picha yangu, nimependeza. Tuendelee na ya maana.

Viatu. Nimefurahi mpaka nimemwambia kila mtu gereji. Lakini fanya kazi kwa akili. Viatu vikikaa mahali pamoja kila siku, watu watajua havina mtu. Jioni viingize ndani, alfajiri vitoe. Leo viweke kulia, kesho kushoto. Siku nyingine kimoja kianguke ubavu, kama mtu aliyevua kwa haraka. Siku ya mvua vipake tope. Haya mambo nimeyafikiria nikiwa ndani ya basi tupu, ghorofa ya juu, na akili yangu kule juu inakwenda kasi sana.

Jumapili ukumbini waliniuliza, "Vipi, Msabaha, mambo?" Nikawaambia nimeshaandikwa. Najua bado, lakini unajua ukumbi ulivyo, ukikutazama wote pamoja mdomo unakwenda wenyewe. Sasa usiniangushe. Wapo waliotoka Rayners Lane, treni mbili, kuja kunisikiliza tu.

Miska juzi kaniuliza, "Baba, kwa nini wataka kupiga kura kule na hukai kule?" Kauliza kwa Kiingereza, kwa hiyo nikajifanya sikusikia.

Basi, kura mbili za nyumba ya Faki, yangu na yako, zote chama chetu. Hilo hata halizungumzwi.

Wako,
Msabaha


Wete, Pemba
3 Machi 2005

Msabaha,

Assalamu alaykum. Msalimie Zahra, mwambie asiinue vitu vizito. Mbusu Miska. Mimi mzima wa mwili.

Jumanne walifungua kituo skuli. Nilivaa buibui jipya nikaenda mapema, nikapanga foleni ya wanawake, Kijakazi mbele yangu. Mbele kuna meza. Karani anaandika, kijana wa picha ana mashine yake, na pembeni amekaa Sheha Shoka kwenye kiti cha mikono. Kazi yake ni maneno mawili, "namjua" au "simjui." Kijakazi akapita. Namjua. Nikafika mie.

Karani akauliza jina. Nikasema Mwatima Faki. Akamtazama sheha. Sheha akasema, "Mwatima namjua, lakini huyu kaolewa."

Nikamwambia, "Mie mjane, Sheha. Kwenye hitma ya mume wangu ulikuwepo. Ulikula."

"Nilikula. Na sasa mlangoni kwako mna viatu vya kiume. Vya nani?"

Nikasema, "Vya mdogo wangu."

"Mdogo wako yuko London."

"Basi ndivyo vyake."

"Viatu viko hapa, miguu iko London?" Wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu, sikugeuka kumtazama ni nani, akasema, "Tena vinatembea, Sheha! Jana kulia, leo kushoto. Wiki ile vilikuja na tope, na mvua haijanyesha."

Sikukwambia kuwa mvua haikunyesha. Niliteka maji nikakoroga tope mwenyewe, kwa sababu wewe uliandika.

Sheha akasubiri kicheko kiishe. Akasema, "Mwatima, chagua. Kama mwenye viatu ni mumeo, basi makaazi ya mke ni kwa mume, na mume huyo mie simjui anakaa shehia gani. Kama ni mdogo wako, umetaka kuniingizia mtu asiyekuwepo, na hilo lina sheria yake. Na kama si mume, na si mdogo wako..." Hakumaliza. Afadhali angemaliza. Akageuka kwa karani. "Huyu simjui. Anayefuata."

Nimepita kwenye foleni ile yote nikirudi. Wanawake wengine walinipisha kama ninanuka.

Viatu nimevitia ndani, uvunguni. Lakini sasa wanasema kavificha.

Msabaha, kura ile mie naitaka. Usidhani ni kwa ajili ya chama chenu cha ukumbini. Nyumba hii ya baba. Mikarafuu ya baba. Mume hayupo. Nikiulizwa mimi ni mtu wa hapa kwa lipi, sina cha kuonyesha. Nilitaka jina langu liandikwe pale, langu peke yangu, na picha yangu pembeni.

Wanasema kituo kitarudi mara ya mwisho, mwisho wa Mei, kwa waliokataliwa wenye ushahidi. Nataka kitu kimoja kwako. Muandikie Sheha Shoka kwa mkono wako: viatu ni vyangu, mie ndiye niliyevituma, dada yangu hana mume. Na uandike unakaa wapi na wewe ni raia wa wapi. Ni hayo tu. Mistari minne.

Mwatima


Thamesmead, London
29 Machi 2005

Dada yangu, pole, pole tena, na ya tatu usiiweke chini,

Barua yako niliisoma gereji, nikaingia ndani ya basi nikafunga mlango. Omar Shoka! Yule aliyekuwa akijisaidia kwenye kanzu mpaka umri wa kuota ndevu! Yeye asimjue Mwatima Faki! Dada, nina hasira, leo nimegonga nguzo na basi, mara ya kwanza tangu waniajiri, na nimewaambia nguzo ndiyo iliyosogea.

Sikiliza nitakavyofanya. Kwanza, nitakwenda redioni, nimtaje jina na ukoo wake, dunia nzima imsikie. Pili, nitazungumza na wakili, namjua wakili mmoja mkubwa, anakula mgahawa mmoja na Asad. Tatu, nitawaambia ukumbini tuandamane na mabango mpaka ubalozini. Nne, nakuletea buibui la Dubai, zito, lile la shanga, wale waliokupisha wakuone ukipita. Tano, kama Kijakazi ni rafiki wa kweli mwambie amtaje mwanamke aliyesema yale ya tope, nami nitamtungia jina litakalomfuata mpaka kwa wajukuu.

Hiyo barua ya mistari minne, dada, tusiharakishe. Maandishi ni maandishi. Yakishatoka mkononi hayarudi. Omar ataipeleka wilayani, wilayani wataipeleka juu, siku nikija uwanja wa ndege wataniuliza mambo. Na hapa ukumbini itafika, wewe huwajui watu wa Pemba wa London, ukipiga chafya Thamesmead wanakuombea dua Rayners Lane. Nilishawaambia nimeandikwa. Watasema nini?

Hebu tusubiri kidogo. Hasira za watu hupoa. Zahra anakusalimu sana, kalia. Miska kauliza "shangazi kafanya kosa gani?" na safari hii kauliza kwa Kiswahili, sijui kakitoa wapi.

Wako kwa hali na mali,
Msabaha


Wete, Pemba
19 Aprili 2005

Msabaha,

Assalamu alaykum. Tu wazima.

Nilikuomba kitu kimoja, umenipa vitano ambavyo sikuviomba. Redioni usiende. Buibui usilete.

Asad, ambaye likizo yake iligeuka miezi, kaja juzi kuniaga kabla ya kurudi huko. Safari hii hakutazama chai. Kaniambia ulikula kiapo cha Malkia mwaka juzi na paspoti yako ni ya Uingereza, na mwenye paspoti hiyo hana tena kura kwetu, hata angekaa mlangoni kwangu na viatu vyake miguuni. Kwa hiyo ulijua. Ulipotuma viatu ulijua havina kura ndani yake.

Sikulaumu kwa kiapo. Mtu anatafuta pa kulala. Nakuuliza tu, hivyo viatu vilikuwa vya nini?

Watoto wa madrasa wanapita hapa wanaimba kitu, sitakuandikia.

Sitaandika tena mpaka nipate nilichoomba.

Mwatima


Thamesmead, London
10 Mei 2005

Dada Mwatima,

Assalamu alaykum. Nakuomba uipokee hii. Zahra na Miska wazima.

Umeniuliza viatu vilikuwa vya nini. Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Sina jibu la kuchekesha.

Mwaka ule, habari ya Mbwana ilipofika, mie nilikuwa sina karatasi. Nilikwambia kazi imenibana, sikuja kwenye hitma. Haikuwa kazi. Ningetoka nisingerudi, na Miska alikuwa na miaka kumi. Baada ya hapo niliogopa. Kila barua ya serikali ikianguka mlangoni nilikuwa naiacha chini mpaka Zahra arudi. Ilipotokea nafasi ya kuwa Muingereza niliishika kwa mikono miwili. Nilikula kiapo mbele ya wakili, ofisi yake iko juu ya duka la kuku wa kukaanga, tukasaini, nikateremka nikanunua mapaja mawili nikala nimesimama kituo cha basi. Sikumwambia mtu. Watu waliponisikia ukumbini nikisema "kwetu" nilitaka kuwe kwetu kweli. Nilipotuma vile viatu nilijua havina kura. Nilitaka tu viwe hapo. Nilitaka mtu apite mbele ya nyumba yetu aseme, huyu yupo.

Ndiyo hivyo. Na tope ukalikoroga wewe.

Barua ya sheha nimeiandika, mistari minne kama ulivyotaka, anakuja nayo mama yake Asad. Lakini niliona mwisho wa Mei karibu na posta sina imani nayo, na barua Omar anaweza kuikunja akaitia mfukoni, wale waliocheka wasiione. Basi Ijumaa, najua ulinikataza, nilipiga simu kwa Musab. Nilipiga saa ile baada ya sala ya alasiri, makusudi, baraza ikiwa imejaa.

Musab akapokea. Simu ilikuwa inakwaruza, kwa hiyo kila nililosema alilirudia kwa sauti, unamjua. Nikamwambia, "Sheha yupo hapo?" Akapiga kelele, "Anamuuliza Sheha!" Nikasikia, "Yupo, aseme."

Nikasema, "Viatu vya mlangoni kwa dada yangu ni vyangu."

"Anasema viatu ni vyake!"

"Nilivituma na Asad. Nilimwambia avihamishe, nilimwambia avipake tope. Hana mume. Mie ndiye niliyetaka kuandikwa na sipo."

"Anasema alimtuma yeye! Tope alimtuma yeye! Bi Mwatima hana mume!"

Dada, walicheka. Nimewahi kuchekesha watu wengi, sijawahi kusikia kicheko kama hicho. Mtu akasema, "Mwenye mabasi huyo!" Mwengine akasema, "Mwambieni tumemuona jana anachota maji, viatu anavyo, ila kichwa hana!" Nikawaacha wamalize. Kisha Sheha akachukua simu mwenyewe.

"Nani wewe?"

"Msabaha Faki."

"Wa wapi?"

Nikasema, "Wa Thamesmead."

"Huko ni wapi? Raia wa wapi?"

"Muingereza, Sheha."

Akamrudishia Musab simu. Nikadhani Musab atapiga kelele kama yale mengine. Hakupiga. Nilimsikia akiwaambia kwa sauti ndogo, kama anawapa habari ya msiba, "Anasema ni Muingereza." Na hapo hakucheka mtu.

Jumapili nimesimama ukumbini nikawaambia vilevile. Wengine walitoka. Asad alibaki. Mzee mmoja aliniambia nimewaaibisha, na mwengine, baada ya kutazama mlango, akaniambia na yeye anayo hiyo paspoti, tangu mwaka wa tisini na nane.

Sasa nenda mwisho wa Mei. Nenda umevaa buibui lako hilohilo.

Nduguyo,
Msabaha


Thamesmead, London
2 Oktoba 2005

Dada yangu,

Salamu tele. Zahra karudi kazini. Miska anaomba picha yako akaiweke chumbani. Mie niko palepale gereji, tangu ile Julai ya mabomu kila basi nalipekua viti vyote kabla ya kulilaza, juu na chini, sisubiri kuamrishwa.

Mama yake Asad kaniletea neno lako kwamba umepata kadi. Nilimfanya alisimulie mara tatu. Nilimpa chai, biskuti, na mto wa mgongoni, alisimulie tena. Anasema ulimuonyesha picha yako umekunja uso.

Kwa hiyo kura ya nyumba ya Faki ni moja sasa, na iko mkononi mwako. Sina la kukufundisha, mie ni nani. Ila tarehe thelathini usipotee pale kwenye karatasi, unajua pa kuitia. Ya baba, ya Mbwana, ya kwangu iliyokufa, zote zimo humo. Ukitoka tu nenda kwa Musab unipigie, hata neno moja, "tayari," nami nitajua umempa nani. Tutakaa ukumbini kusubiri. Hata wale waliotoka wamerudi, wanauliza, "Dada yako vipi?" Nimewaambia dada yangu ni dada yangu.

Msabaha


Wete, Pemba
8 Novemba 2005

Mdogo wangu Msabaha,

Assalamu alaykum wewe, Zahra, na Miska. Picha namtumia, ile nisiyokunja uso, Kijakazi ndiye aliyenichekesha. Tumefunga salama na Idi imepita. Mchele wa Idi haukuwa mzuri mwaka huu lakini tulikula.

Julai tuliona basi lenu la London limepasuka, kwenye televisheni ya Musab. Nilikaa pale dukani mpaka wakaniletea uji. Ulipopiga simu ulianza na mzaha, nikajua u hai, nikakasirika, nikakata simu. Sikukuomba radhi wakati ule. Nakuomba sasa.

Nikusimulie ya kadi kwanza, maana mama yake Asad ana mkono wa chumvi. Mwisho wa Mei nilikwenda. Barua yako nilikuwa nayo, haikutolewa. Sheha Shoka aliniona kutoka mbali nikiwa bado katikati ya foleni, akainuka kitini. Hakuniomba msamaha. Alisema tu, mbele ya wote, "Mwatima Faki, namjua. Ubao wangu chuoni nilikuwa nanakili kwake." Karani akauliza, "Nani mume?" Sheha akasema, "Andika jina lake mwenyewe. Umeulizwa mume na nani?" Ndiyo nikakunja uso kwenye picha. Nilikuwa nazuia machozi.

Sasa tarehe thelathini. Asubuhi ilikuwa na watu wengi wenye silaha barabarani, siandiki zaidi. Kijakazi aliogopa akarudi nyumbani mara mbili, mara ya tatu nikamshika mkono. Tulisimama mpaka jua likawa la kichwani. Wakaniita, wakanitia wino kidoleni, wakanipa karatasi, nikaingia nyuma ya lile boksi.

Msabaha, niliolewa nikiwa na miaka ishirini. Kura zote nilizopiga maishani mwangu, kuna mtu alikuwa ananisubiri nje aniulize. Baba. Halafu Mbwana, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri lakini alikuwa anauliza kabla sijafika nyumbani. Safari hii nilisimama kule ndani peke yangu na kalamu imefungwa kwa uzi. Nilizitazama zile picha zote kwa raha yangu. Nyuma walianza kulalamika nachelewa. Nikawaambia, "Ngojeni!" Sauti ilitoka kubwa, hata mwenyewe nilishangaa.

Nikatia alama, nikakunja, nikatumbukiza.

Nje walikuwepo wa chama hiki na wa chama kile. Wakaniuliza vipi, bibi. Baraza ya Musab ikaniuliza. Sheha mwenyewe alinitazama kama anayetaka kuuliza, akaona haya. Na ukumbi wako mzima huko unasubiri, najua, simu ya Musab ililia mpaka ikazima. Nilikuwa nimekaa karibu nayo. Sikuiinua.

Matokeo umeyasikia redioni kama mie. Ya kwako ya ndani unayotaka kujua, Mwatima kampa nani, sikwambii. Usiniulize kwa barua, usimtume Asad, usimtume Miska ingawa najua akiniuliza kwa Kiswahili nitalegea. Si kwamba nimekasirika, hapana, hasira zimekwisha siku nyingi. Waambie wa ukumbini dada yako kapiga kura, basi, na wakicheka wacha wacheke.

Ni kitu cha kwanza changu, tangu nizaliwe, ambacho sijagawana na mtu.

Dada yako,
Mwatima Faki